TUNDU LA MSUMARI NALO NI KAZI



Najua wako watakaouliza: mtu wa reli ana habari gani na kuta za nyumba za Loresho? Ngoja nieleze. Baba yangu mdogo alikuwa seremala wa mabehewa. Alipopunguzwa kazini alichukua randa yake na keekee yake akaenda kutafuta riziki kwa wenye nyumba, na kwa miaka mingi sasa kazi yake ni kupigilia vigae vya mbao, vya paa na vya ukuta, huko Kabete, Karen na Loresho. Mimi nikiwa katika likizo huenda kumshikia ngazi. Kwa hiyo haya ninayoyaandika sikuyatoa kitabuni. Nimeyaona nikiwa chini ya ngazi, unga wa mwerezi ukiniingia machoni.

Nyumba ninayotaka kuitaja iko Loresho, kwenye miteremko ile iliyokuwa mashamba ya kahawa. Jirani yake ni Kangemi, na kila asubuhi utawaona watu wa Kangemi wakienda kwa miguu kazini Loresho: wapishi, watunza bustani, walinzi, mafundi. Ni nyumba ya mawe, lakini mwenyewe alitaka ukuta wa mbele na wa ubavuni uvishwe vigae vya mwerezi, maana vyapendeza macho na vyalikinga jiwe lisipigwe na mvua. Msimamizi mmoja akaichukua kazi, akaleta vijana wanne. Vijana wale walilipwa kwa kigae. Kila kigae kilichokaa ukutani kilikuwa na bei yake, na jioni msimamizi alihesabu. Wakamaliza upesi ajabu. Mwenye nyumba akafurahi, msimamizi akachukua chake, vijana wakaenda zao. Ikapita masika, ikapita vuli, ikaja masika ya pili. Ndipo tukaitwa sisi.

Tulichokiona kilitia huzuni. Chini ya kila msumari palikuwa na mchirizi mweusi, kana kwamba ukuta ulikuwa umelia. Vigae vingi vilikuwa vimepasuka kutoka penye msumari mpaka chini. Vingine vilikuwa vimebenuka kama ngozi iliyoanikwa juani bila kuwambwa. Na safu ya chini kabisa ilikuwa imeoza, kwa sababu iliteremshwa mpaka ikagusa udongo wa bustani.

Mama mwenye nyumba alisema, "Mzee, mafundi wa siku hizi ni wezi."

Baba mdogo alichomoa kigae kimoja, akamwonyesha upande wake wa nyuma, akasema, "Mama, vijana hawa hawakukuibia. Walilipwa kupigilia, nao wakapigilia."

Nami nasema hivyo hivyo, na ndiyo sababu ya kuandika katika jarida letu. Ukuta ule uliharibiwa na namna ya malipo. Na namna hiyo hiyo ya malipo yatumika katika kazi nyingi mjini Nairobi, kisha lawama humwangukia kibarua.

Kwanza yafaa tujue mbao yenyewe. Mwerezi wetu, ambao wengi huuita mtarakwa, ni mti wa milima yetu: Mau, Nyandarua, miteremko ya Mlima Kenya. Mbao yake ya ndani ni nyekundu, ina mafuta na harufu nzuri, na mchwa hawaipendi. Ndiyo maana wakulima waliutafuta kwa nguzo za ua. Nyuzi zake zimenyooka, hupasuka vizuri kwa shoka, na kwa sababu hiyo wafaa kwa vigae. Zamani ulichongwa vibao vikapelekwa ng'ambo kutengenezwa penseli. Nasi watu wa reli tusijitoe katika lawama, maana katika miaka ya kwanza ya reli injini za moshi zilichoma kuni, na misitu ya kandokando ya njia ndiyo iliyolipa. Tangu miaka ya 1980 serikali ilikataza kukata miti ya asili katika misitu yake.  Mwezi wa Februari 2018 likaja katazo jingine juu ya misitu yote ya umma, na hata Rais alipotangaza kuliondoa Julai 2023, habari ilikuwa ya miti iliyopandwa ikakomaa. Mwerezi unaopatikana kwa halali leo ni ule wa shambani kwa mtu, wenye kibali, au mbao kuukuu kutoka nyumba iliyobomolewa. Nao hukua polepole sana. Mtoto aliyezaliwa siku mche ulipopandwa atakuwa na mvi kabla mti haujatoa vigae vya maana.

Basi mtu akipasua kigae cha mwerezi kwa haraka ya kuhesabiwa, ameutupa mti wa babu yake pamoja na fedha ya tajiri.

(Na mjihadhari: wako wauzaji wanaouza saiprasi wakiiita mwerezi. Saiprasi si mbao mbaya, lakini isipotiwa dawa haitadumu kama mwerezi. Nusa, kisha tazama wekundu.)

Sasa kazi yenyewe. Nitaieleza kwa kirefu kidogo, maana anayedhani ni kupigilia tu hawezi kuelewa malipo.

Kabla ya kigae cha kwanza, ukuta hufunikwa karatasi ya lami, kisha hupigiliwa fito za mbao, ili nyuma ya vigae pawe na nafasi ya hewa kupita. Kigae kikilowa mbele na kushikana na ukuta nyuma, kitakauka upande mmoja tu, nacho kitabenuka. Safu ya chini huwekwa maradufu, na isishuke karibu na udongo kuliko sentimita 15. Kigae cha urefu wa sentimita 40 huonyesha nje sentimita 18 hivi. Sehemu iliyobaki hufunikwa na safu ya juu yake, hata kila mahali pa ukuta pawe na vigae viwili, kimoja juu ya mwenzake. Kati ya kigae na jirani yake huachwa mwanya mdogo, milimita 3 mpaka 6, kwa sababu mbao hunenepa wakati wa mvua. Na mwanya wa safu moja usikutane na mwanya wa safu ya chini yake. Upishane nao kwa sentimita 4 angalau, la sivyo maji yatapata njia.

Kila kigae hupata misumari miwili, si zaidi, kila mmoja sentimita 2 kutoka ukingoni, mahali ambapo safu inayofuata itaufunika. Msumari uwe wa kutoshika kutu, uliopakwa zinki vizuri au wa chuma kisichoota kutu. Msumari wa chuma kitupu hukutana na maji ya mwerezi, ukatoa weusi ule tuliouona. Na kwa kuwa mwerezi ukikauka huwa mwepesi wa kupasuka, fundi mwangalifu hutoboa tundu kwanza kwa keekee ndipo apigilie. Kisha nyundo isimame mara kichwa cha msumari kinapogusa mbao. Pigo moja la ziada huivunja mbao chini ya kichwa, na mvua huanzia hapo.

Tena kuna kuchagua. Katika kila furushi la vigae hukosi vyenye mbao nyeupe, ile ya nje karibu na ganda, ambayo huoza kama mti wowote. Hivyo yapasa kutupwa au kutumiwa mahali pakavu. Baba mdogo huvikagua kimoja kimoja, akakiinua kwenye mwanga kama karani wa benki aonavyo noti.

Sasa twende kwenye hesabu, maana mtu aweza kunikatalia maneno lakini hesabu ataifanya mwenyewe. Chukua ukuta wa mita 8 kwa 3, yaani mita 24 za mraba. Kigae cha upana wa sentimita 12 kinachoonyesha sentimita 18 hufunika eneo dogo sana. Mita moja ya mraba yataka vigae 46, na ukuta mzima vigae 1,100 na kidogo. Kila kigae misumari miwili: matundu 2,200. Kila tundu likichukua robo ya dakika tu, hiyo ni zaidi ya saa 9. Siku nzima ya kazi, na zaidi ya siku! Siku hiyo nani anailipa? Kwa malipo ya kigae, hakuna. Ni siku ya bure ambayo fundi amempa tajiri. Na kila kigae cheupe anachokitupa ni senti anazozitoa mfukoni mwake mwenyewe. Na saa za kuweka karatasi na fito, ambazo hazina kigae hata kimoja cha kuhesabu jioni, nazo hupunjwa.

Kwa hiyo kijana mwenye nyumba ya kupanga na watoto shuleni anafanya nini? Anaacha kutoboa. Anapigilia cheupe na chekundu pamoja. Anatumia msumari aliopewa asiulize. Mimi ningefanya hivyo pia, na wewe unayesoma ungefanya.

Wenye nyumba wana jibu lao, nami nimelisikia mara nyingi: fundi akilipwa kwa siku atalala. Sikatai kwamba wako wanaolala. Lakini hebu tutazame njia yetu ya reli. Watu wa genge hulipwa mshahara wa mwezi. Mmoja wao hutembea kwa miguu akikagua viungo, bolti na mataruma, na siku nyingine hurudi bila kukaza hata nati moja kwa sababu zote ziko sawa. Je, siku hiyo alilala? Siku hiyo treni ilipita salama. Kama watu wa genge wangelipwa kwa idadi ya nati walizokaza, nani angerudi kuitazama nati iliyokazwa jana? Tena wengine wangezilegeza usiku wapate kuzikaza asubuhi.

Upande wa pili nao una neno, na lazima niliseme hata kama halinipendezi. Nilikutana na mmoja wa wale vijana wanne huko Kangemi, tukanywa chai. Akaniambia, "Kaka, ukinilipa kwa siku, tajiri atanipa siku mbili kisha atasema kazi imekwisha, ataleta mwingine wa bei ya chini. Kwa kigae nachukua changu kabla hajabadili nia." Sikuwa na jibu la haraka. Kijana huyu si mjinga. Anachagua hesabu ya kigae kwa sababu hana mtu nyuma yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaruhusu malipo ya kazi kwa kipande, basi hatuwezi kusema limefanywa kosa la sheria. Tunaloweza kusema ni kwamba bei ya kipande lazima ihesabu kazi yote: kuchagua, kutoboa, karatasi, fito, jukwaa la kusimamia. Kama tajiri anataka kulipa kwa kipande, basi alipe kwa mita ya ukuta uliokamilika na kukaguliwa, na fundi aandikiwe ndani yake ile siku ya matundu.

Nimezungumza juu ya kujenga. Kutunza ni habari kubwa kuliko hiyo. Sote twaijua methali ya ufa na ukuta, tena wenye nyumba ndio wanaopenda kuitaja. Lakini sijapata kumwona tajiri anayemwajiri mtu wa kuziba ufa. Humwita wakati wa kujenga ukuta.

Ukuta wa vigae wataka kutazamwa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili kabla ya masika, na mwezi wa tisa kabla ya vuli. Kazi si kubwa. Matawi yanayougusa yakatwe. Mifereji ya paa isafishwe, maana mfereji ulioziba humwaga maji yote ukutani. Udongo na majani makavu ambayo mtunza bustani ameyarundika chini ya ukuta yaondolewe (naye ameambiwa alishe maua, asilaumiwe). Ukungu wa kijani, hasa upande usioona jua, usuguliwe kwa brashi laini na maji ya sabuni. Siku hizi watu huleta ile mashine ya kurusha maji kwa nguvu, ya kuoshea magari. Ukuta hung'aa siku ile, lakini nyuzi za mbao zimesimama kama manyoya ya paka, na maji yamesukumwa mpaka nyuma ya vigae. Loresho iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na jua la huko ni kali. Vanishi ya kung'aa hubanduka upesi, nayo hukwangua vibaya. Ni afadhali mafuta yanayoingia ndani ya mbao, au uache ukuta ugeuke rangi ya kijivu kwa heshima yake, kama mzee.

Kigae kimoja kikipasuka hakuna haja ya kubomoa safu nzima. Baba mdogo hukipasua zaidi kwa patasi, akakitoa vipande vipande. Kisha huingiza jino la msumeno wa chuma chini ya kigae cha juu, akaikata misumari iliyobaki bila kukigusa kigae hicho. Kipya hukichonga kwa kipimo, akakisukuma juu lakini akakiacha chini kidogo ya mstari, milimita 6 hivi. Hupigilia misumari miwili kwa mshazari, karibu kabisa na ukingo wa kigae cha juu, kisha huweka kibao chini yake na kugonga taratibu mpaka kipande kipande daraja na kuwa sawa na wenzake. Vichwa vya misumari hujificha. Ukipita kesho hujui ni kipi. Nimemwona akikifanya hivyo mara nyingi, na kila mara nasahau kushika ngazi.

Ngazi yenyewe ni jambo. Vijana wale wanne walifanya kazi juu ya jukwaa la miti iliyofungwa kwa kamba. Mmoja alianguka. Alivunjika mkono, na walichompa ni nauli ya kwenda hospitali. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, yamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Lakini mwajiri ni nani? Mwenye nyumba alisema ni msimamizi. Msimamizi akasema vijana walikuwa wanajitegemea, kila mtu na vigae vyake. Mwaona namna hesabu ya kigae inavyofanya kazi ya pili: inamfanya mtu aliyeajiriwa aonekane kama mfanyabiashara. Kijana hakupata kitu. Mkono ulipona ukiwa umepinda kidogo, na sasa hawezi kunyanyua nyundo juu ya bega.

Huenda mtu akasema hawa si wanachama wetu, wana chama chao cha ujenzi na mbao. Ni kweli. Lakini kumbukeni Mombasa, Januari 1947, wafanyakazi wa gati na wa reli waligoma pamoja, na wengi wa watu wa gati walikuwa vibarua wa siku. Katika miaka iliyofuata vibarua wale waliandikishwa katika orodha, usiwe tena ni mchezo wa kuchaguliwa langoni kila asubuhi. Hawakupewa kwa hisani.

Tena kuna sababu iliyo karibu zaidi. Sisi wenyewe ni matajiri mara moja moja. Nani kati yetu hajengi nyumbani? Tunarudi mashambani wakati wa Krismasi na kumpigia fundi bei mpaka aone haya, tukihesabu mawe yaliyopangwa na mabati yaliyopigiliwa, kisha tunarudi mjini kugombana na mwajiri wetu juu ya mishahara. Mimi nilifanya hivyo kwenye nyumba ya mama yangu. Paa linavuja hadi leo, na nimwambie nani?

Haya basi ndiyo ninayoyaomba yazungumzwe katika mkutano wa tawi. Mwanachama yeyote anayejenga amlipe fundi kwa siku, au kwa mita pamoja na kazi isiyohesabika, kwa maandishi hata kama ni karatasi ya daftari, na katika karatasi hiyo jina la mwajiri liandikwe wazi. Halmashauri iwaandikie wenzetu wa chama cha ujenzi na mbao tufanye orodha moja ya mafundi waliotoka reli, maseremala, wahunzi na wapaka rangi, maana ni wengi na ujuzi wao unapotea barazani. Na wale wanaofanya kazi ya kutunza nyumba waombe mapatano ya mwaka, mara mbili kwa mwaka kwa malipo yanayojulikana, badala ya kungoja simu ya dharura wakati wa mvua.

Kuhusu ukuta wa Loresho: mama mwenye nyumba alikubali. Baba mdogo analipwa kwa siku, na wawili kati ya wale vijana wanne wamerudi kufanya kazi chini yake. Kila mmoja amepewa keekee. Vigae vilivyofaa vimeokolewa, karibu nusu, vyeusi vinasuguliwa na kugeuzwa. Yule wa mkono uliopinda anachagua vyekundu na vyeupe akiwa ameketi, naye hulipwa siku sawa na wengine. Ukuta wa mbele umekwisha. Wa ubavuni tutauanza nitakapopata likizo.